Kidole tumbo: maumivu yakianzia kitovuni yakahamia kulia chini, usiishie duka la dawa

NesiWaKusini (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Nipo wodi ya upasuaji, hospitali ya mkoa. Nimeandika uzi huu kwa sababu wagonjwa wengi wa kidole tumbo tunaowapokea hawaji kikiwa kimevimba tu. Wanakuja kimeshapasuka, usaha umesambaa tumboni, na kwenye mfuko wamebeba vikaratasi vya vipimo vya malaria, taifodi na UTI pamoja na vidonge walivyofikia nusu. Ukimuuliza mgonjwa, "Tangu uanze kuumwa, nani amekulaza kitandani akakushika tumbo?" anabaki anakutazama. Damu imepimwa, mkojo umepimwa, tumbo lenyewe linalouma halijaguswa na mtu.

Tuanze na chenyewe. Kidole tumbo, au apendiksi kama wengi tunavyokiita, ni kijibomba chembamba kilichofungwa upande mmoja, kwa kawaida sentimita 6 hadi 9, kimening'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, karibu na pale utumbo mwembamba unapoingilia. Kina tishu za kinga, na wapo wataalamu wanaoamini kwamba hutunza bakteria wazuri wa tumboni. Ila mtu anaishi vizuri kabisa bila hicho.

Ugonjwa unaanza tundu lake likiziba. Kinachoziba mara nyingi ni kinyesi kilichokauka kikawa kigumu, au tezi za kinga zilizomo kwenye ukuta wake zinavimba, hasa kwa watoto na vijana. Minyoo nayo huziba. Kwa ndugu zetu wa Kanda ya Ziwa, mayai ya kichocho huonekana mara nyingine kwenye vidole tumbo vilivyokatwa na kupelekwa maabara. Kikishaziba, ute unaozalishwa ndani unakosa pa kutokea, shinikizo linapanda, bakteria wanazaliana, mishipa ya damu inabanwa, na ukuta unaanza kufa. Ukuta uliokufa hupasuka. Hatari hiyo huanza kupanda kuanzia saa 24 hadi 36 tangu maumivu yaanze, na kila saa inayopita inaiongeza. Wanaofika siku ya tatu mara nyingi ndio tunaokaa nao wodini muda mrefu.

Sasa maumivu, na hapa naomba msome polepole. Mwanzoni yanakaa kitovuni au juu yake kidogo, ya kuvutavuta, mtu anadhani amekula kitu kibaya. Sababu ni kwamba neva za kidole tumbo zinaingia kwenye uti wa mgongo mahali pamoja na neva za eneo la kitovu, kwa hiyo ubongo haujui kuzitofautisha. Baada ya saa kadhaa, kwa kawaida ndani ya saa 24, uvimbe unagusa utando uliotanda ndani ya ukuta wa tumbo. Utando huo una neva zinazojua mahali sawasawa, na hapo ndipo mgonjwa anaacha kuzungusha kiganja tumbo zima, anaonyesha kwa kidole kimoja: hapa, kulia chini.

Mpangilio wa dalili una maana kubwa. Kwenye kidole tumbo maumivu hutangulia, kichefuchefu na kutapika hufuata. Kama mtu ameanza kwa kutapika na kuharisha sana, tumbo likaja kuuma baadaye, uwezekano wa maambukizi ya kawaida ya tumbo ni mkubwa zaidi. Hamu ya kula inakata kabisa. Mgonjwa mwenye njaa ya kweli hutufanya tufikirie ugonjwa mwingine. Homa mwanzoni ni ndogo, na ikipanda sana mara nyingi mambo yameshaharibika. Angalia pia anavyotembea: anajikunja kidogo, mkono uko nyongani kulia, na bodaboda ikiruka tuta anaguna na kukaza meno. Kikohozi kinamchoma mahali palepale.

Lakini si wote wanafuata mtiririko huu. Kidole tumbo kikiwa kimejificha nyuma ya utumbo mpana, maumivu yanaweza kukaa ubavuni au mgongoni. Kikiwa kimeshuka kwenye nyonga kinagusa kibofu, na mgonjwa anakojoa mara kwa mara na mkojo unamchoma. Ukiupima mkojo huo unaweza kukuta chembe nyeupe kidogo, zile chembe za damu zinazopambana na maambukizi. Mnaona inakoelekea? Anaandikiwa UTI, anapewa dawa za siku tano, anarudishwa nyumbani.

Daktari anayelichunguza tumbo anafanya nini? Anachora kwa macho mstari kutoka kwenye mfupa wa nyonga ya kulia unaojitokeza mbele hadi kitovuni, anaugawa sehemu tatu, na mwisho wa theluthi ya kwanza kutoka kwenye mfupa anabonyeza taratibu. Sehemu hiyo ilielezwa na daktari wa New York, Charles McBurney, mwaka 1889, na hadi leo ndiyo tunayoanzia. Kisha anaachia mkono ghafla: kama kuachia kunauma kuliko kubonyeza, utando wa ndani umeshachokozwa. Anabonyeza kushoto, mgonjwa anaumia kulia. Mtoto anaambiwa aruke kwa mguu mmoja; akikataa, au akiruka na kulia, hiyo ni taarifa kubwa. Haya yote hayahitaji umeme wala kitendanishi.

Baada ya hapo ndipo vipimo. Picha kamili ya damu, kuona kama chembe nyeupe zimepanda. Mkojo. Kwa kila mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, kipimo cha mimba bila mjadala, kwa sababu mimba iliyotunga nje ya kizazi inaweza kujifananisha na kidole tumbo na inaua haraka zaidi. Kwa mvulana, korodani ziangaliwe, maana ikijisokota maumivu hupanda tumboni na yeye anaona aibu kusema. Altrasaundi ikionyesha kidole tumbo chenye upana unaozidi milimita 6 na kisichobonyea, hiyo inaunga mkono. Isipokiona, haimaanishi hakipo: gesi na unene huficha, na mengi yanategemea mkono wa anayepima. CT scan, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa eksirei tabaka kwa tabaka, ndiyo yenye uhakika zaidi kwa watu wazima, ila haipo kila mahali.

Kuna hesabu madaktari wengi wanaitumia, ya Alvarado, tangu 1986. Maumivu kuhama pointi 1, kukosa hamu ya kula 1, kichefuchefu au kutapika 1, kulia chini kuuma ukibonyezwa 2, kuuma unapoachia 1, joto kupanda 1, chembe nyeupe kupanda 2, na aina ya chembe hizo kuegemea zile changa 1. Jumla 10. Kuanzia 7 unafikiria chumba cha upasuaji, 5 na 6 unamlaza na kumchunguza tena baada ya saa chache, chini ya hapo unatafuta kwingine. Pointi 7 kati ya hizo 10 hazihitaji maabara, na nyingi zinatoka kwenye maswali na mikono.

Ninachowaomba: ukiwa na maumivu ya tumbo yaliyodumu zaidi ya saa sita na yanazidi, nenda mahali penye daktari, na uombe tumbo lishikwe. Usinywe dawa ya kukufanya uharishe, usipige bomba la maji la kusafisha tumbo kwa njia ya haja kubwa, usijikande kwa chupa ya maji ya moto. Na usile wala kunywa chochote njiani, maana ukihitaji usingizi wa upasuaji tumbo tupu ndilo salama.

Karibuni maswali.

---

Kipanga wa Ilala

Asante sana dada nesi, uzi umeshiba. Mimi tangu utotoni nimeambiwa kidole tumbo kinaletwa na mbegu za mapera na mawe ya kwenye mchele. Na bibi alikuwa anatukataza kuruka kamba tukitoka kula, eti chakula kitaingia kwenye kidole. Kuna ukweli?

---

NesiWaKusini

Kipanga, mbegu zimewahi kukutwa ndani ya kidole tumbo, ila ni mara chache sana ukilinganisha na watu wanaokula mapera kila msimu. Kinachoziba zaidi ni kinyesi kigumu na uvimbe wa tezi. Kwa hiyo watoto waachwe wale mapera. Kuruka baada ya kula hakuna uhusiano wowote.

Mtu anaweza kuupata umri wowote, ila wengi wako kati ya miaka 10 na 30, wanaume kidogo zaidi ya wanawake. Kwa makadirio ya nchi zilizofuatilia muda mrefu, watu 7 hadi 8 kati ya 100 wataupata wakati fulani maishani. Hakuna chakula au dawa iliyothibitishwa kuuzuia. Ndiyo maana nasisitiza kuutambua mapema.

---

Dereva wa Masafa

Mleta mada Mungu akubariki. Naomba nieleze yaliyonikuta, huenda yakamfaa dereva mwenzangu.

Nilikuwa natoka Dar na mzigo wa Tunduma. Tumbo lilianza Morogoro, kitovuni. Mikumi nikatapika. Kufika Iringa likawa limeshuka kulia, kila nikikanyaga klachi naona nyota. Nikasimama kwenye duka moja la dawa, sitalitaja. Kijana wa pale akaniuliza tu "tumbo la kawaida?" nikasema ndiyo, akanichoma sindano ya diklofenaki na kunipa dawa za taifodi. Sindano ilituliza kiasi nikaendelea na safari. Usiku wa pili yake, nimelala Makambako, ghafla maumivu yakaisha. Yaani kama vile mtu amezima swichi. Nikamshukuru Mungu nikaomba chai.

Kabla ya alfajiri tumbo zima likawa gumu, siwezi kugeuka, natetemeka, mapigo ya moyo yanaenda mbio. Utingo ndiye aliyetafuta gari. Hospitali daktari aliweka mkono mara moja tu akasema huyu aingie ndani sasa hivi. Walinipasua katikati ya tumbo, juu mpaka chini ya kitovu, wakaosha usaha, wakaniachia mrija ubavuni. Mwenzangu tuliyelazwa wodi moja alipasuliwa kidogo tu pale kulia, akaondoka mapema akaniacha nikiwa bado kwenye dripu. Ugonjwa wetu ulikuwa mmoja, tofauti ni kwamba yeye aliwahi.

---

NesiWaKusini

Pole sana kaka, na asante kwa kuandika.

Wakuu, rudieni hapo aliposema maumivu yaliisha ghafla. Kidole tumbo kilichojaa kinauma kwa sababu ya shinikizo. Kikipasuka shinikizo linashuka, mtu anapata nafuu ya saa chache, huku usaha na kinyesi vinamwagika kwenye tumbo. Kisha utando mzima unawaka, tumbo linakuwa gumu, sumu inaingia kwenye damu. Maumivu makali ya tumbo yakikata ghafla bila matibabu ya maana, hiyo nafuu msiiamini.

Kuhusu dawa ya maumivu nifafanue, maana wengine watatoka hapa wakiogopa hata panado. Zamani madaktari walikataa kumpa mgonjwa dawa ya maumivu kabla ya kumchunguza, wakihofia itaficha ugonjwa. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba hospitalini haiharibu utambuzi, kwa hiyo mgonjwa aliyeko kitandani asiachwe alie. Kilichomuumiza kaka yetu ni kwamba alichomwa sindano na hakuna aliyemchunguza wala kumfuatilia.

---

Wafula_Bungoma

Salamu kutoka Kenya. Uzi mzuri, lakini nitauliza swali gumu kidogo. Hapa kwetu kuna watu wanaamini madaktari wanakimbilia kisu kwa sababu ya bili. Binamu yangu anaishi Marekani, aliugua apendiksi akapewa antibaotiki tu, akapona bila kupasuliwa. Mbona sisi kila mtu anapasuliwa? Kama dawa zinatibu, si mtu aende tu kwa kemisti anunue?

---

NesiWaKusini

Swali la haki kabisa, Wafula. Binamu yako hakudanganywa.

Ufini walifanya utafiti uliochapishwa 2015, wakawapa watu wazima antibaotiki badala ya upasuaji. Ndani ya mwaka mmoja, takribani 27 kati ya 100 walirudi wakapasuliwa. Walipowafuatilia miaka mitano, wakafika 39 kati ya 100. Marekani nao wakafanya mkubwa zaidi, matokeo yakatoka 2020, watu wazima 1,552 kwenye vituo 25. Waliopewa dawa, 29 kati ya 100 walikuwa wameshapasuliwa ndani ya siku 90. Na waliokuwa na lile jiwe la kinyesi ndani ya kidole tumbo walifika 41 kati ya 100.

Kwa hiyo ndiyo, dawa zinaweza. Lakini angalia masharti yake. Walianza na dawa za mshipani, wakiwa chini ya uangalizi, na chumba cha upasuaji kiko ghorofa nyingine tu. Wale wa Ufini wote walipigwa CT scan kwanza kuthibitisha kwamba hakijapasuka, hakina jipu wala jiwe. Vidonge vya kemisti bila kuonwa na mtu haviwi tiba hiyo.

Mtu anayekaa mbali na hospitali yenye daktari wa upasuaji, barabara ikikatika mvua za masika hatoki, mimi kwa moyo wangu wote namshauri apasuliwe akiwa bado mzima. Upasuaji wa kidole tumbo ambacho hakijapasuka ni mfupi, mara nyingi hauzidi saa moja, na vifo vyake ni nadra mno.

Kuna hali moja ambayo sisi wenyewe hatukimbilii kisu. Mgonjwa akichelewa siku kadhaa, wakati mwingine mwili unakizingira kidole tumbo kwa utumbo na mafuta, unapata uvimbe unaoshikika kulia chini. Ukiingia hapo kwa haraka unaweza kuchana utumbo. Hupewa antibaotiki za mshipani, anaangaliwa, na akitulia anapangiwa kurudi baada ya wiki sita hadi nane kuamua kama kitolewe. Akiwa na zaidi ya miaka 40 utumbo mpana uchunguzwe pia, kwa sababu saratani huweza kujificha pale.

---

Wafula_Bungoma

Nimekupata vizuri sana. Hapo kwa jiwe sikuwahi kuelezwa. Shukrani.

---

Mama Arafa

Samahani naingilia. Nina mdogo wangu ana mimba ya miezi mitano, tangu jana usiku analalamika tumbo upande wa kulia, amekataa chakula, ametapika mara mbili. Mama mkwe wake anasema ni chango, amemchemshia mizizi. Hatujampeleka popote tunaogopa wakimpasua mtoto atatoka. Je, inaweza kuwa hiki kidole tumbo?

---

NesiWaKusini

Mama Arafa, mpelekeni hospitali sasa hivi, msisubiri asubuhi. Mizizi aache, na asile kitu.

Inaweza kuwa kidole tumbo, inaweza kuwa maambukizi ya figo, inaweza kuwa kondo la nyuma linaachia au uchungu wa mapema. Mtandaoni hatuwezi kujua, na hakuna hata moja kati ya hayo linalongojewa nyumbani. Mweleze mama mkwe kwa heshima zote kwamba mnakwenda kuhakikisha mtoto yuko salama.

Wengine wasome pia: kidole tumbo ndicho sababu kubwa ya upasuaji wa dharura usio wa uzazi kwa wajawazito. Mimba ikikua kizazi hukisukuma juu kidogo, kwa hiyo maumivu yanaweza kuwa juu ya pale tulipozoea. Kichefuchefu kinaonekana cha mimba, na chembe nyeupe hupanda kwa mjamzito hata akiwa mzima, kwa hiyo kipimo cha damu peke yake kinadanganya. Altrasaundi ndiyo ya kwanza, haina madhara kwa mtoto. Mjamzito anapasuliwa, na hufanywa. Kinachomhatarisha mtoto zaidi ni kidole tumbo kupasuka, kuliko upasuaji wenyewe.

Neno kuhusu chango na ngiri. Sidharau wazee wetu. Ila mwanamke akiumwa chini ya kitovu tunasema chango, mwanaume tunasema ngiri, mizizi inachemshwa, na siku mbili zinapita. Hizo siku mbili ndizo tulizozihitaji.

---

Mtafiti Huru

Wakati tunasubiri habari za mdogo wake Mama Arafa (tunamuombea), niongezee historia kidogo, maana ugonjwa huu haujawahi kuchagua mtu.

Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza alipangiwa kutawazwa tarehe 26 Juni 1902. Wageni wa mataifa wameshafika London. Siku mbili kabla, tarehe 24, akapasuliwa ndani ya kasri la Buckingham kwa jipu lililotokana na kidole tumbo. Daktari Frederick Treves alitoa usaha tu, kidole chenyewe akakiacha. Mfalme alipona akatawazwa tarehe 9 Agosti mwaka huohuo. Kinachonigusa ni kwamba huyo Treves alikuwa amempoteza binti yake mwenyewe kwa ugonjwa huohuo miaka miwili kabla.

Na Leonid Rogozov, daktari kijana wa Kisovyeti wa miaka 27, mwaka 1961 alikuwa daktari pekee kwenye kituo cha Novolazarevskaya, Antaktika. Akaugua, akajitambua mwenyewe, dhoruba haziruhusu ndege. Usiku wa tarehe 30 Aprili akajichoma ganzi ya kawaida, wenzake ambao hawakuwa madaktari wakamshikia kioo na kumpa vifaa, akajipasua. Kioo kilionyesha kila kitu kinyume, kwa hiyo sehemu kubwa alifanya kwa kupapasa. Ilimchukua karibu saa mbili, akipumzika kila dakika chache kwa kizunguzungu. Alipokitoa akaona doa jeusi kwenye shina lake, kilikuwa karibu kupasuka. Baada ya wiki mbili hivi akarudi kazini.

---

NesiWaKusini

Mtafiti, asante. Huyo Rogozov alifahamu vizuri dalili zake na alijua saa zinakwenda. Mwanzo alijaribu antibaotiki na kujipoza kwa barafu, alipoona hali inazidi akaamua.

---

Zuwena TZ

Mimi nilitolewa kidole tumbo, baadaye majibu ya maabara yakaja yanasema hakikuwa na ugonjwa. Nilitibiwa lakini roho inaniuma, naona kama nilikatwa bure. Hili linatokeaje?

---

NesiWaKusini

Zuwena, nakuelewa, na una haki ya kupewa maelezo na waliokupasua. Nenda uombe kuonana na daktari, ubebe hayo majibu.

Hutokea hivi: kwenye maeneo yasiyo na CT scan, ilikubalika kwa muda mrefu kwamba kati ya watu 100 wanaopasuliwa, 15 hadi 20 wanaweza kukutwa na kidole tumbo kizima, kwa sababu kumwacha mmoja kipasuke ni hatari kubwa zaidi. Wanawake huwa wengi kwenye kundi hilo kwa kuwa kifuko cha yai kikipasuka, kifuko kikijisokota au mirija ikipata maambukizi, maumivu yanakaa palepale. Kwa hiyo swali la kuuliza ni: kama si kidole tumbo, walikuta nini, na je, mirija na ovari ziliangaliwa? Upasuaji wa matundu madogo, unaofanyika kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili, unasaidia sana hapo kwa sababu kamera inazunguka tumbo zima. Kutolewa kidole tumbo kizima hakukupunguzii uwezo wa kuzaa, hilo likutulize.

Na wote mliopasuliwa, msiache kufuatilia majibu ya maabara. Mara chache sana hukutwa uvimbe wa saratani ambao haukutarajiwa.

---

Mama Arafa

Dada nesi tumefika. Daktari amemshika tumbo, akapima mkojo na damu, altrasaundi imefanyika, mtoto anacheza vizuri. Wamesema ni kidole tumbo na hakijapasuka, anaandaliwa kuingia ndani. Mume wake ndiye anayesaini. Watu wazima humu tusaidieni dua.

---

Kipanga wa Ilala

Mungu amtangulie, atoke salama yeye na mtoto.

---

Fundi Seremala

Amina. Na mimi nina upasuaji wa hiki kitu, nimelazwa naandikia simu kitandani. Naogopa kuuliza sana madaktari wana haraka. Nitalazwa usingizi au nitachomwa mgongoni? Nitarudi lini karakana? Na ni kweli sitakula ugali mwezi mzima?

---

NesiWaKusini

Fundi, uliza tu, ni haki yako, na muulize mtu wa usingizi ukimwona. Hospitali zetu nyingi hutumia ganzi ya mgongoni kwa kidole tumbo ambacho hakijapasuka: utakuwa macho, utasikia unavutwavutwa lakini hutaumia. Kikiwa kimepasuka, au wakitumia matundu madogo, mara nyingi ni nusu kaputi. Kabla ya kisu utapewa antibaotiki mshipani, kwa kawaida seftriaksoni na metronidazoli. Kama hakikupasuka hazihitaji kuendelea siku nyingi.

Ugali utakula. Ukishaanza kuhisi njaa na tumbo halijajaa, unaanza na uji au supu, kisha chakula cha kawaida, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili. Kutoa upepo ni dalili nzuri, usione haya kumwambia nesi. Inuka ukae siku hiyohiyo au kesho yake, utembee taratibu hata kama panavuta, kwa sababu kulala tu kunaleta kuganda kwa damu miguuni na kifua kujaa. Unapokohoa bonyeza mto kwenye kidonda.

Wasiopasukiwa wengi wanakwenda nyumbani ndani ya siku moja hadi tatu. Nyuzi, kama si zile zinazoyeyuka, hutolewa siku ya 7 hadi ya 10. Kazi nyepesi wiki mbili hivi, lakini wewe unabeba mbao na kusukuma randa: ngoja wiki nne hadi sita, la sivyo misuli inaachana na unapata ngiri ya kidonda, hiyo sasa ni ngiri kweli. Omba karatasi ya mapumziko kabla hujaruhusiwa.

Kidonda kikianza kuwa chekundu, cha moto, kinatoa maji yenye harufu, au homa ikirudi siku ya tano au ya sita, rudi siku hiyohiyo bila kungoja tarehe ya kliniki. Homa inayorudi pamoja na kuharisha au maumivu ndani ya nyonga inaweza kuwa jipu limekusanyika ndani, na hilo linaonekana kwa altrasaundi.